Vidole Visivyosomeka

"Laza tu, mama. Usikandamize."

Raynelle Gaskin alilaza kidole cha shahada juu ya kioo cha mashine. Mwanga wa kijani ukapita chini yake, ukarudi, kisha taa ikawaka nyekundu. Mara ya nne hiyo. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi, maana ilikuwa wiki ya mwisho ya Mei, na kila aliyetaka kazi, au kurudi kazini, katika shule za St. Louis mwaka mpya wa masomo ilibidi achukuliwe alama za vidole kwanza: madereva wa mabasi, walimu, walinzi, wapishi. Joto lilikuwa kali na watu walijipepea kwa fomu zao.

"Wewe una vidole gani?" binti wa mashine aliuliza, tena kwa sauti. "Mbona havina mistari? Laini kama ganda la yai!"

Watu wakacheka. Raynelle akauvuta mkono wake na kuuficha kwenye mkunjo wa gauni. Alivaa gauni la kitani la rangi ya haradali, la mikono mirefu, na hereni kubwa za duara kama mtu anayekwenda karamuni. Nywele zake zilikuwa fupi, laini, zimejiviringa viringi vidogo vyenye mvi. Nyusi alikuwa amezichora asubuhi kwa penseli.

"Mwache dada wa watu," ilisema sauti nzito nyuma yake. "Hebu jaribu vyangu, labda utapata nafuu."

Alikuwa mwanamume mrefu, mpana wa mabega, shati lake jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo imesimama. Akaweka kidole juu ya kioo. Nyekundu. Akaweka kingine. Nyekundu.

"Tumewapata!" mtu alipiga kelele kwenye foleni. "Majambazi wawili, mtu na mkewe!"

Binti akashusha pumzi, akawaelekeza kwenye viti viwili pembeni wamsubiri mzee wa wino na karatasi. Wakaketi.

"Thurman Oglesby," yule mwanamume alijitambulisha. "Fundi mwashi, miaka ishirini na saba. Chokaa na matofali vimekula kila kitu. Mwezi wa nane nakwenda kufundisha uashi shule ya ufundi, lakini naona wataniona mzimu. Na wewe? Usiniambie na wewe unajenga."

Raynelle aliviangalia vidole vyake. Ncha zilikuwa zinang'aa, na viganja vilikuwa vyeusi, kama mtu aliyeshika masizi.

"Jikoni," alisema. "Shuleni. Napikia watoto mia nne."

"Masufuria gani hayo yanayokula vidole?"

"Njoo uyasugue ndiyo utajua."

Thurman akacheka hadi kiti kikalia. "Basi tuko sawa. Wewe una mwiko wako, mimi nina wangu."

Haukuwa uongo mtupu. Raynelle alikuwa amepika katika jiko la shule kwa miaka kumi na tisa. Lakini masufuria hayakuhusika. Ukweli wote aliumeza palepale, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu sana mtu kuitazama mikono yake na kucheka badala ya kuinamisha kichwa upande na kumwuliza anajisikiaje.

Mwaka mmoja na miezi saba kabla ya siku ile, madaktari walimwambia ana saratani ya titi la kushoto. Ilianza dawa kali ya kudungwa mshipani. Wiki ya tatu nywele zake zilibaki kwenye mto, zikafuata nyusi, kope, hata vinyweleo vya puani, akawa anatembea na leso kwa sababu pua haikuwa na kitu cha kuzuia maji. Kucha zake, alizokuwa akizipaka rangi kila Ijumaa tangu shule ya sekondari, ziliota mistari ya kahawia, zikaanza kunyanyuka. Mbili za miguuni zilitoka ndani ya soksi bila hata kumuuma. Kisha upasuaji. Kisha mionzi, iliyomuunguza ngozi kuanzia kifuani hadi mfupa wa bega, ikababuka, ikarudi nyeusi zaidi, yenye kona nne kama kitambaa alichobandikwa.

Siku zile hakuwa peke yake. Wanawake wa kanisa walipokezana na masufuria ya makaroni na jibini. Simu haikunyamaza. Mionzi ilipokwisha walimwokea keki iliyoandikwa UMESHINDA, wakaimba, wakalia, wakaenda zao.

Ila wapasuaji walikuta mabaki ya ugonjwa katika nyama waliyoitoa, hivyo akaandikiwa vidonge vya miezi sita. Vidonge havikumnyoa nywele. Vilishuka mikononi na miguuni. Viganja na nyayo vilivimba, vikawaka moto, vikafanya malengelenge, vikachubuka gamba kwa gamba, na mistari ya vidole ikaondoka pamoja na ngozi. Alipomweleza Mama Odessa, kiongozi wa kina mama kanisani, yule mama alimpapasa shavu akasema, "Vidonge tu, mwanangu! Mbona umependeza! Nywele hizo zimerudi nzuri kuliko za mwanzo." Raynelle hakurudia kueleza. Tangu Februari hakuna mtu aliyepanda ngazi za nyumba yake, isipokuwa mpeleka barua, naye aliishia chini.

Thurman alikuwa amechukua namba yake pale kwenye viti, akampigia simu kesho yake.

"Bi Raynelle? Huyu ni jambazi mwenzako."

"Nilijua utapiga. Umesubiri hadi saa kumi ndiyo ujifanye huna haraka."

"Saa tisa na nusu ndiyo natoka kazini. Nimeoga, nimekunywa maji, nimejipanga. Nisingekupigia nikiwa na vumbi."

"Vumbi halipiti kwenye simu, Bwana Oglesby."

"Sauti yako nzuri sana, naogopa kuichafua."

Wakawa wanaongea kila siku. Alimsimulia kuhusu mnara wa kanisa kuukuu anaoukarabati upande wa kaskazini, jinsi fundi anavyong'oa chokaa iliyokufa kati ya matofali na kuingiza mpya bila kuyaudhi. Raynelle alimsimulia kuhusu mtoto wa darasa la pili aliyemposa kwa sababu ya viazi. Walikula aiskrimu nzito ya mayai kwenye maegesho, wamesimama kwa msururu na jiji zima. Walizunguka sokoni Soulard Jumamosi asubuhi, Thurman amebeba mapichi, Raynelle amevaa glavu nyeupe za pamba.

"Glavu mwezi wa sita," Thurman alimtania. "Wewe ni mke wa gavana?"

"Ni urembo. Hujui mambo."

"Sijui, mpenzi. Nifundishe."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Raynelle aligeukia rundo la nyanya ili asione uso wake. Ndani ya glavu kulikuwa na mafuta mazito, na chini ya mafuta ngozi ilikuwa imepasuka hadi kwenye nyama. Katika viatu alikuwa amevaa soksi mbili. Alimwambia wakae kidogo kwenye benchi kwa sababu anapenda kuangalia watu.

Mambo yaliharibika Jumapili moja ya mwisho wa Juni. Thurman alikuwa mcheza dansi. Kila Jumapili alasiri alikwenda kwenye ukumbi wa barabara ya Natural Bridge, ambako watu wazima huvaa vizuri na kucheza wawili wawili, mwanamke anazungushwa, anarudi, anazungushwa tena. Alimwomba wiki tatu mfululizo. Raynelle akakubali. Alikuwa katika siku ya kumi na tatu ya mzunguko mpya wa vidonge, siku mbaya kuliko zote, lakini alivaa gauni la samawati lililofunika shingo, akapaka rangi ya midomo, akaingiza miguu kwenye viatu vyenye kisigino kifupi na kusimama ukutani kwanza hadi machozi yalipokwisha.

Ukumbi ulinukia manukato na samaki wa kukaanga. Thurman alikuwa ndani ya suti ya rangi ya krimu. Kabla hawajaingia uwanjani alimvua glavu moja, taratibu, kwa mzaha, kama anayefungua zawadi. Akaukamata mkono wake, akamzungusha.

Kiganja chake kilikuwa kigumu kama gome la mti. Kilipopita juu ya ngozi iliyo wazi, Raynelle aliona giza.

"Niachie!" alipiga ukelele. "Usinishike!"

Muziki uliendelea, lakini wawili watatu waligeuka. Thurman aliuachia mkono wake kana kwamba ameshika pasi ya moto. Akaitazama mikono yake mwenyewe, upande huu na upande ule. Uso wake ukajifunga.

"Samahani," alisema. "Nilijisahau."

Alimrudisha nyumbani. Alimfungulia mlango wa gari, mikono akaichomeka mifukoni, akasubiri hadi alipoingia ndani.

Kesho yake saa kumi simu haikulia. Wala keshokutwa.

Raynelle aliamini ameona. Ameona kile kiganja cheusi kilichochubuka, kucha zilizonyanyuka, akajua, akakimbia. Alijilaza kwenye kochi, nyayo zake juu ya mfuko wa njegere za barafu, akasikiliza jirani wa chini akicheka na televisheni. Jioni alijipaka mafuta, akavaa soksi, akavaa glavu, akakaa hivyo bila kuweza kushika kitabu. Dukani alikutana na Mama Odessa, akaambiwa amependeza. Alirudi na mkate, akala kipande kimoja akiwa amesimama kwenye sinki, kwa sababu kuweka sahani mezani kwa mtu mmoja kulimchosha.

Siku ya kumi na moja alipiga yeye.

"Ndiyo, Bi Raynelle." Sauti ilikuwa ya adabu, ya mbali.

"Umenikasirikia?"

"Hapana. Wala sikulaumu. Mke niliyeachana naye alikuwa anaweka shuka kati yetu kitandani. Alisema mikono yangu inamchana kama msasa. Miaka sita ya shuka lile. Nilijiapia sitamshika tena mwanamke asiyetaka kushikwa nayo. Uliponipigia kelele pale mbele za watu, nilielewa. Kila mtu na ngozi yake."

"Thurman, si hivyo."

"Basi ni vipi?"

Kumweleza kwenye simu kungekuwa rahisi mno, na yeye alitaka kitu kingine ambacho hakukijua. "Nitakuja kukuambia," alisema, akakata.

Asubuhi iliyofuata alipanda basi hadi kwenye mnara. Alivaa ndala za sponji, kwa kuwa hakuna kiatu kingine kilichompokea, na gauni la haradali. Mafundi walikuwa juu ya jukwaa, vumbi jekundu linashuka kama unga.

"Oglesby!" aliita mmoja, mzee Cleophus, mwenye meno ya dhahabu. "Kuna malkia huku chini amekuja na ndala! Umemkosea nini hadi akasahau viatu?"

"Shuka, mwanaume!" mwingine akadakia. "Kama humtaki sema tupange foleni!"

Thurman alishuka na mwiko mkononi. Alipofika chini Raynelle alikuwa tayari amevua glavu zote mbili. Akamnyooshea viganja vyake hadharani, mbele ya mafundi na jua lote.

"Nina saratani ya titi," alisema. "Nilikuwa nayo, labda bado ninayo, hakuna anayeweza kuniapia. Haya ni ya vidonge. Vidole vyangu havikuliwa na masufuria. Nilikudanganya tangu siku ya kwanza. Uliponishika iliniuma kama moto, ndiyo nikapiga kelele. Haikuwa mikono yako. Ingekuwa hata mikono ya mtoto mchanga ningepiga kelele."

Thurman aliviangalia viganja kwa muda mrefu, bila kuvigusa.

"Tangu lini?"

"Vidonge, tangu Februari. Ugonjwa, mwaka wa pili huu."

"Kwa hiyo sokoni, aiskrimu, simu zote zile, ulikuwa unaumwa hivi."

"Ndiyo."

"Na siku kumi na moja umeniacha niichukie mikono yangu."

"Sikujua kama unaichukia. Nilidhani unanichukia mimi. Thurman, kwa kila mtu mimi ni mgonjwa au ni shujaa aliyepona. Kwako nilikuwa mwanamke tu. Nimekuja kukuambia, na sasa hata kwako sipo tena. Unaelewa nimetoa nini?"

Thurman akatazama ndoo iliyokuwa ikimsubiri juu.

"Chokaa inakauka," alisema. Akapanda ngazi.

Raynelle alivaa glavu zake. Cleophus alimpungia mkono, bila utani safari hii. Akatembea hadi kituoni, hatua fupifupi, akasubiri basi dakika arobaini kwenye benchi lisilo na kivuli. Hakulia. Alijiona mwepesi na mtupu, kama nyumba iliyohamwa.

Siku tisa zikapita. Daktari aliziona nyayo zake, akamsimamishia vidonge kwa wiki moja na kupunguza kipimo cha mzunguko wa mwisho. "Kuna mtu wa kukusaidia nyumbani?" muuguzi aliuliza akiandika. "Wapo," Raynelle alijibu, kama alivyojibu kila mara.

Jumamosi mchana kengele ya chini ililia. Alidhani ni mpeleka barua. Alishuka akishikilia ukuta, na mlangoni alikuwepo Thurman, amekumbatia sufuria iliyofunikwa kwa karatasi ya alumini.

"Kuku," alisema. "Na saladi ya viazi. Nimepika mwenyewe, kwa hiyo ukifa, si ugonjwa."

Raynelle alijaribu kukasirika, akashindwa. "Siku tisa, Thurman."

"Najua. Nimezihesabu. Mara nne nimeegesha gari pale kona, nikaondoka. Niliogopa, Raynelle. Sikuogopa mikono. Niliogopa kwamba nikipanda ngazi hizi sitaweza tena kushuka kama nilivyopanda."

"Na sasa?"

"Bado naogopa. Ila kuku angeharibika."

Alimpandisha juu. Alimwonyesha, kwa kuwa hakuona tena sababu ya kuficha: nyayo zilizochubuka kama ganda la kitunguu, kucha zilizobaki na zisizokuwepo. Akafungua vifungo viwili vya blauzi, akamwonyesha ile ngozi nyeusi yenye kona nne chini ya bega. Akafuta nyusi kwa leso. Thurman aliketi kwenye kiti cha jikoni akitazama kila kitu kwa makini, kama anavyotazama ukuta kabla hajaugusa.

"Nani anakupaka haya mafuta?"

"Mimi. Kisigino hiki sikifikii vizuri."

Akachota mafuta, akajaribu. Hata hakusugua, aliweka kiganja tu. Raynelle akauma meno, na yeye akaona.

"Kwa hiyo inauma kweli."

"Inauma kweli."

Wakatazamana. Alikuwa amemwambia, huku mafundi wote wanasikia, kwamba si mikono yake, na sasa ilikuwa ni mikono yake pia. Thurman akaondoa mkono, uso ukaanza kujifunga kama siku ile ukumbini.

"Usiende," Raynelle alisema haraka. "Tafuta pengine."

Alifikiri. Kisha akakunja mkono wa shati hadi kwenye kiwiko, akageuza mkono. Upande wa ndani, pale mishipa inapopita, ngozi ilikuwa laini na ya rangi hafifu, haijawahi kuguswa na tofali. Akapaka mafuta hapo, akakiinua kisigino na kukilaza juu yake, akakipitisha polepole. Raynelle alifumba macho. Hakuna mtu aliyekuwa amezigusa nyayo zake tangu Februari bila kuvaa glavu za hospitali. Alilia kimya kimya, na Thurman hakumwambia anyamaze.

"Sijui kama nitapona, Thurman. Sikuahidi kitu."

"Nimekuomba ahadi? Naomba chumvi tu. Saladi imepooza."

Raynelle akafuta macho, akachota saladi kwa kijiko, akaonja. "Imepooza? Umetia sukari! Nani anatia sukari kwenye viazi?"

"Mama yangu."

"Mungu amsamehe. Miaka kumi na tisa jikoni sijaona kitu kama hiki. Watoto wangekurushia."

"Wewe mwanamke una mdomo!" Alikuwa anacheka sasa, kabisa. "Nipishe nile kuku wangu, nimeshakoma."

Walikula hadi jua lilipopinduka. Walibishana kuhusu viazi, kuhusu mnara, kuhusu nani alicheka kwanza kwenye ile foleni. Raynelle alikula sahani mbili. Thurman alimkataza katakata kugusa maji ya moto. Aliosha vyombo vyote mwenyewe, akavipanga makabatini, akambusu juu ya nywele zile fupi, akashuka ngazi. Gari lilipoondoka ukimya ulirudi ukakaa mahali pake pa siku zote, na Raynelle alilala akiusikiliza. Haukuwa umepungua sana.

Asubuhi aliamka akachemsha kahawa. Kikombe chake hakikuwa mahali pake. Alitafuta kwenye sinki, kwenye droo, hadi ndani ya jokofu. Mwishowe alikiona: Thurman alikuwa amekiweka kabati la juu kabisa, alikofika yeye kwa urefu wake bila kufikiri. Raynelle alivuta kiti, akakitazama, akazitazama nyayo zake. Vikombe vingine sita vilikuwa pale chini, karibu na mkono wake.

Akachukua simu.

"Thurman. Njoo unishushie kikombe changu."

"Sasa hivi? Jumapili saa moja asubuhi?"

"Sasa hivi. Kahawa inapoa."

Alisikia funguo za gari zikilia upande wa pili.